Betri ya Pili

"Mita haidanganyi, abaayo, dada yangu," Kinsi alisema. "Mota imezunguka asubuhi nzima, na umeme wote ilioula umerudi kwenye betri ya pili. Volti kumi na mbili na nusu!"

"Hata betri tupu huonyesha volti nyingi ikitoka kuchajiwa kidogo," nilimjibu. "Ifungie globu tuone."

Mume wangu alicheka. "Mama watoto ameanza. Msamehe, mhandisi."

Mhandisi! Huyu mjane wa fundi redio? Diploma ya umeme ni yangu, na mume wangu hajawahi kuniuliza hata koili ina nyuzi ngapi.

Pasi ya kusafiria ilikuwa mezani. Tangu vita vya mashifta vianze, hakuna aliyetoka Garissa bila pasi, na hii ilikuwa na majina mawili, la mume wangu na la Kinsi. Walikuwa wanakwenda Wajir kumwonyesha tajiri mmoja mota inayojilisha yenyewe.

Nilichukua globu ya lori, nikaifunga kwenye betri yao. Uzi wake uliiva mwekundu, ukafifia, ukazimika. Sikufika hata ishirini kwa kuhesabu.

"Wallahi, ameshinda," Kinsi alisema polepole.

Mume wangu hakunitazama. Alimtazama yeye. "Kosa ni la kapasita. Tutaibadilisha tukifika Wajir."

Kumbe hata mota ingekufa kabisa, safari ingekuwepo.

Nikachukua pasi, nikaisukuma ndani ya jiko, chini ya birika la chai. Iliwaka vizuri kuliko ile globu.