Kobe na Alama ya Kujumlisha

Wanyama walipokuwa wakitunga lugha ya kuiamuru kompyuta yao, walifika kwenye alama ya kujumlisha. Wakakubaliana kwamba ikiwekwa kati ya majina mawili, hao wawili wakumbatiane.

Kobe, mpenda kanuni, akasema, "Ataruhusiwa kuitumia yule tu anayekumbatia kifua kwa kifua."

Nungunungu akainamisha kichwa. "Mzee Kobe, na mimi mwenye miiba je?"

"Kanuni ni kanuni, mwanangu."

"Haya. Basi nionyeshe, angalau nijue ninachokosa."

Kobe akamwendea Fuko aliyekuwa karibu, akajiinua kwa miguu ya nyuma. Gamba likamgonga Fuko, akabingirika. Kobe akajaribu tena, na tena. Hakuna aliyecheka. Kobe akajificha ndani ya gamba lake.

Nungunungu akailaza miiba yake, akasogea taratibu, akaingiza pua mle gambani mpaka ikagusa pua ya Kobe.

Wakakaa hivyo kitambo. Kobe alipotoka, alifuta kanuni yake, akaandika nyingine: "Alama ni moja. Kila mmoja ataitimiza kwa namna yake, mradi asimuumize mwenzake."

Chini yake akaandika mfano wa kwanza: Kobe + Nungunungu.