Sarafu Iliyosuguliwa

Mkaguzi wa sarafu za kale aliigeuza sarafu ya fedha chini ya taa, akainama na lenzi yake. Kibwana alisogea karibu na meza. Aliachiwa sarafu ile na babu yake, na asubuhi hiyo mkewe Mwantumu aliisugua kwa limau na majivu ili isimwaibishe mbele ya watu.

"Ni halisi, mzee wangu," mkaguzi alisema, "ila imekwanguka kwa kusuguliwa. Siwezi kuipa daraja la ubora, na wanunuzi hawataitaka. Nani aliisafisha?"

Kibwana alichungulia dirishani. Mwantumu alisimama nje juani, akiuma kucha.

"Mimi," alijibu.

Alipotoka, mkewe alimkimbilia. "Wamesemaje, Baba Zena?"

"Wamesema ni halisi."

Mwantumu akapiga kigelegele palepale barabarani. Wapita njia wakageuka kumtazama, na Kibwana akazidi kuikaza sarafu ngumini, mfukoni.