Moyo wa Kapteni Mwanakombo

Siku hizo kishikwambi cha rubani hakikubeba ramani na hali ya hewa tu. Kilisikiliza pia moyo wake, na ukienda mbio kiligeuka chekundu, safari ikafungwa. Ndiyo maana nyumbani kwa Kapteni Mwanakombo habari mbaya zilisubiri mpaka atue.

Asubuhi ile aliwaona majirani wakiingia uani na masufuria makubwa, khanga wamejitanda vichwani.

“Mbwana, mama huko hospitali mzima?”

Mumewe akajichekesha. “Wahi abiria, mke wangu. Ukirudi tutazungumza.”

“Niambie sasa.”

“Nikwambie, ufungiwe safari?”

Mwanakombo alikitazama kishikwambi, akiomba kiwe chekundu kimzuie. Kilibaki kijani. Moyo wake ulikuwa umeshazoea.