Jina la Karakana

Sauti iliyomfokea kwenye simu ya biashara ilikuwa ya shangazi yake, yule aliyemlea, naye hakujua anamfokea nani.

Kijana alikuwa akisajili majina ya biashara za watu mtandaoni kabla wenyewe hawajazinduka, kisha akiwauzia kwa bei ya kuumiza. Aliyanyakua kwa mafungu, bila kuyasoma.

“Jina nimelichonga kwa patasi yangu juu ya mlango wa karakana, leo uniuzie wewe? Huna haya!”

“Biashara ni biashara, mama,” alijibu kwa sauti nzito ya kujigeuza. Kidole gumba kilipapasa ufa wa kioo cha simu.

“Haya. Ninaye mtoto wa kaka yangu, fundi wa mitandao. Atakunyoosha!” Akakata.

Simu nyingine ya kijana, ya watu wa nyumbani, ikatetema mezani. Akakohoa, akairudisha sauti yake.

“Shikamoo, shangazi.”