Maswali ya Pembeni mwa Uwanja

Katika mechi ya mpira wa magongo, gongo la beki lilimpata Cheche kwenye panja, ko, akaanguka kifudifudi. Benchi zima likasimama.

Muuguzi wa timu alifika kabla refa hajapuliza kipyenga. Mtu mzima yule, mwenye magoti mabovu, siku zote hujikokota mpaka wachezaji wanamtania kwamba jeraha litapona kabla hajafika. Leo alikimbia.

Jukwaani walikaa wateuzi wa timu ya taifa. Cheche aliingoja siku hii tangu gongo lilipokuwa linamzidi kimo. Akitolewa nje, basi tena.

"Sijaumia, Sista," akasema, akijipangusa magoti.

Uwanjani wote humwita hivyo, na Cheche hakutaka kupendelewa. Asubuhi ile, wakati muuguzi huyo huyo akimsuka nywele, Cheche alimwonya asije akamdekeza mbele za watu.

Muuguzi akamshika kidevu, akamuuliza yale maswali ya kila anayegongwa kichwa. Tuko uwanja gani? Robo ya ngapi hii? Bao la mwisho kafunga nani? Cheche akajibu yote, na mzaha juu ya kipa wao akaongezea.

Macho yake, lakini. Yalimtazama muuguzi kwa adabu mno, kama mtu aliyesimama mbele ya karani asiyemjua. Muuguzi aliliona hilo, akajitia hakuona. Angeanzaje kumtoa, leo hii, mbele ya wateuzi?

"Haya, rudi. Ukisikia kizunguzungu tu, unatoka."

Cheche akarudi, akafunga bao la ushindi. Wateuzi wakasimama kumpigia makofi. Muuguzi alilia kwa furaha bila kujificha, akajiambia kumbe alikuwa na wasiwasi wa bure.

Mchezo ulipokwisha, Cheche alikuja kukaa karibu naye akitabasamu, akaazima simu ya nahodha.

"Nampigia mama," akasema. "Nakuomba, Sista, umwambie wewe kwamba sijaumia. Mimi hataniamini. Ana wasiwasi huyo, we acha tu."

Nahodha akamgeukia muuguzi.

Cheche akabonyeza namba aliyoishika kichwani tangu utotoni, bila kukosea hata tarakimu moja, akaweka simu sikioni, akasubiri.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa koti la muuguzi.