Kamera Isiyo na Kelele

Betri ya pili ilikufa kabla bibi harusi hajavua shela.

Hibo aliichomoa, akaisugua kwenye dera lake kana kwamba itafufuka, kisha akaitupa mkobani. Ikabaki moja. Kamera yake ya zamani, lile jiwe lililomuumiza shingo miaka yote, ilimaliza harusi nzima kwa betri moja na kurudi nyumbani na nguvu zake. Lakini jiwe lilikuwa limeharibika, na mabibi harusi wa Garissa siku hizi wanataka picha kama za Nairobi.

Basi amehamia kamera hizi mpya, ndogo, zisizo na kioo ndani. Amehamia kimaskini: kamera ya mkono wa pili, lenzi zake zilezile za zamani, na adapta ya bei ya chini ya kuziunganisha. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, na wala hawakuwahi kununua adapta. Lenzi ilitafuta sura ya mtu kama mbuzi aliyepotelewa na mama yake. Menyu nzima ilikuwa ya Kijapani.

"Hibo, unapiga ama unatuangalia tu?" Barwaqo, mama wa bibi harusi, alisimama mbele yake mikono kiunoni. "Mbona sisikii kacha?"

"Hii haina kelele, eedo," alisema Hibo, akimwita shangazi kwa heshima.

"Sasa nitajuaje kama imefanya kazi?"

Hata Hibo alianza kujiuliza. Ubavuni mwa kamera kulikuwa na kitu kingine cha kumkera, taa ndogo ya buluu iliyowaka na kuzimika mchana kutwa. Alikuwa amemuuliza Abdiwahid, mpiga picha aliyemuuzia. "Achana nayo, walaal," Abdiwahid alimjibu kindugu. "Mimi nimeitumia mwaka mzima na hiyo taa yake. Kadi nimefuta, hakuna kitu changu humo." Hibo aliibandika plasta, lakini plasta ilidondoka kwa joto.

Hema la wanawake lilikuwa limejaa. Mlangoni, msichana aitwaye Weris alikusanya simu za wote kwenye gunia, hata za mashangazi waliolalamika, na hapo ndipo mitandio ilipoanza kuvuliwa. Kamera iliyoruhusiwa ndani ni ya Hibo peke yake. Mji mzima unajua desturi yake: harusi ikiisha, anatoa memori kadi mbele ya watu na kuiweka mkononi mwa mama wa bibi harusi. Hakuna picha anayolala nayo. Siku picha moja ya kichwa wazi itakapomfikia mwanamume, hakuna mama atakayemwita tena, na huenda ndoa ya mtu ikavunjika nayo.

Idil, bibi harusi, alivua shela. Nywele zilimshuka mpaka kiunoni, na vigelegele vikapanda. Hibo alibonyeza. Ukungu. Akabonyeza tena. Ukungu na giza. Alitamani kulia.

Ng'ambo ya turubai, kwenye hema la wanaume, Abdiwahid mwenyewe alikuwa kazini, tena anajionyesha. Ameweka ile runinga yake kubwa ya kila harusi mbele ya wazee, na kila akimpiga picha bwana harusi, inatokea hapohapo bila waya. "Mashallah!" wanaume walinguruma, turubai likatikisika. Hibo alisaga meno. Yeye kauziwa makombo, na mwenye sahani anashangiliwa.

"Msogezeni kiti," alisema kwa hasira. "Huko kwenye turubai. Kuna mwanga."

Walimsogeza Idil mpaka mgongo wake ukakaribia kugusa turubai. Na kweli, mwanga wa jioni ulipenya ukamlainisha uso. Lenzi ikatulia. Picha ya kwanza ikatoka safi, ya pili safi zaidi. Hata ile taa ya buluu iliacha kumetameta, ikawaka moja kwa moja. Angalau kero moja imeisha, Hibo aliwaza.

Ngoma ya buraanbur ikaanza. Idil akacheza, shangazi zake wakacheza, jasho likawatoka, na Hibo akapiga bila kupumzika, huku betri ikishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alipiga haraka kuishinda. Upande wa pili kelele zilikuwa zimekatika ghafla. Chakula kimefika, aliwaza, wakishiba wataanza tena.

"Ya mwisho, eedo, betri inaisha."

Barwaqo aliruka mbele kichwa wazi, akicheka. Akainua pochi ndogo ya ngozi iliyoning'inia shingoni mwake. "Piga hii! Watu wajue siri za leo zinalala wapi."

Hibo akabonyeza. Kamera ikazimika papo hapo.

Alichomoa kadi mbele ya wote na kuiweka kwenye kiganja cha Barwaqo.

"Wallahi hakuna nyingine?"

"Wallahi, eedo. Zote ziko mkononi mwako."

Barwaqo aliifungia pochini, akambusu paji la uso. Hibo alijifunga mtandio, akatoka na hasira zake zote, moja kwa moja kumtafuta Abdiwahid. Leo atamwambia kuhusu betri zake. Leo atamrudishia takataka yake mbele ya wazee.

Kando ya njia, masinia ya wali na nyama ya ngamia yalikuwa bado yamefunikwa, hayajaguswa.

Ndani ya hema la wanaume hakuna aliyeketi isipokuwa bwana harusi, aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, na Abdiwahid alikuwa amepiga magoti aking'ang'ana na waya za runinga. Kwenye kioo cha runinga, mkubwa kuliko mlango, Barwaqo alikuwa akicheka kichwa wazi, ameinua pochi yake.