Koti la Kitindamimba

Mteja alinitupia koti mezani. "Mama, nipunguzie mikono. Ni mirefu mno."

Nilipogeuza pindo la mkono, kidole changu kiligusa kifungo kilichoshonwa kwa ndani. Hakuna fundi mwingine anayeshona hivyo. Kitindamimba wangu alikuwa anatafuna vifungo tangu darasa la kwanza, kwa hiyo katika kila nguo yake nilificha kimoja cha akiba.

"Hata kwenye suti ya harusi yangu utakiweka, mama?" alinitania, ameshaota ndevu.

"Hasa hiyo!"

Alitoka na koti hili asubuhi ya maandamano. Wenzake waliona watu wasio na sare wakimsukumia ndani ya gari. Miezi minane nimebisha hodi vituo vyote vya polisi, na vyote vinasema havimjui.

"Koti ni lako, baba?" nilimuuliza mteja.

"La nani tena? Au hutaki kazi?"

"Kazi naitaka sana." Nilifungua daftari la vipimo, nikashika kalamu. "Hapa tunaandika jina kamili la mteja, na mahali anapofanya kazi."

Alinitajia vyote viwili, polepole, nisije nikakosea.